Fremu ya Mtumba, Tairi Pana na Njia ya Vumbi

Anayetaka kusafiri kwa baiskeli kutoka Pangani kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani, au kupanda Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae kwa kupitia vijijini, huwa na mengi ya kupanga: maji, chakula, pa kulala, vibali vya hifadhi. Baiskeli yenyewe hufikiriwa mwishoni, na ikifikiriwa, macho huenda kwenye gia na rangi. Naona mpango huo umeanzia mkiani. Kabla ya gia, kabla ya jina la kampuni, hata kabla ya bei, msafiri wa njia za vumbi aangalie fremu inaweza kupokea tairi la upana gani. Breki hubadilishwa. Gia, siti, usukani na rimu hubadilishwa pia, tena kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Nafasi ya tairi haibadilishwi: aliyeunganisha fremu ndiye aliyeikata, na itabaki vilevile mpaka fremu ife. Kwa mtu asiyeweza kuagiza baiskeli mpya ya kusafiria, nafasi hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye fremu ya mtumba ya chuma, ya zile baiskeli za milimani za zamani ambazo watu hupita nazo kando bila kuzitazama mara mbili.

Waliobuni baiskeli ya milimani walianza hivyohivyo, kwa kusaka fremu za mtumba. Katika miaka ya 1970, kundi la waendesha baiskeli wa Marin, kaskazini mwa San Francisco huko California, walikuwa wakipekua maduka ya vitu chakavu wakitafuta Schwinn Excelsior za miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa nzito, hazina gia, breki yake ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Lakini mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ilikuwa imeingiza sokoni Marekani tairi nene la inchi 2.125, na fremu zake zilijengwa kulipokea. Jambo linalonishawishi zaidi katika historia hii ni kwamba Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly wa kundi hilo hawakuwa watu wasiojua baiskeli nyepesi. Walikuwa na baiskeli nzuri za mbio za lami na walizijua vizuri. Hata hivyo, walipokwenda kushindana kwenye mteremko wa Repack kuanzia Oktoba 1976, njia ya udongo na mawe inayoshuka takriban mita 400 kwa mwendo usiofika kilomita 4, walichagua yale machuma mazito, ingawa haabu ya nyuma, ambamo breki hiyo hukaa, ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi. Mwaka 1977 Breeze alianza kuunganisha fremu mpya kwa mabomba ya kromoli, chuma chepesi chenye nguvu. Tom Ritchey, mtengenezaji fremu mwingine, akafuata, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa baiskeli ya Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani. Katika miaka hiyo michache walibadilisha uzito, wakaongeza gia, wakaweka breki za mkono. Nafasi ya tairi nene waliiacha kama walivyoikuta.

Sababu yake inapimika. Tairi la inchi 1.95 lina upana wa karibu milimita 50, na la inchi 2.4 karibu milimita 61. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo, lakini hewa iliyomo hukua kwa mraba wa upana, kwa hiyo tairi la pili hubeba kama nusu tena ya hewa ya la kwanza. Hewa nyingi humruhusu msafiri kupunguza upepo bila rimu kugonga jiwe, na upepo ukipungua tairi hulala chini na kuzikanyaga chembe za mchanga badala ya kuzichimba. Kwenye mchanga wa pwani, ambako njia hupita kati ya minazi na mikonge, ndipo panapoamuliwa nani ataendesha na nani atashuka asukume. Kwenye murami iliyojikunja kama bati la kuezekea, ambayo malori huiacha kila msimu wa kiangazi, faida ni nyingine. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Seattle, alipima nguvu anayotumia mwendeshaji akipita kwenye rasta za kando ya barabara kuu, akaonyesha kwamba mtikisiko unaoingia mwilini hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mwili unaotetemeshwa siku nzima hugeuza ugali wa mchana kuwa joto la bure. Tairi pana lenye upepo wa wastani huumeza mtikisiko kabla haujafika kwenye viganja na mgongo.

Nafasi ninayoitetea inazidi upana wa tairi lenyewe. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu wa Usambara hunata, na udongo mweusi wa mbugani hunata zaidi. Gurudumu hubeba tope, likalipeleka kwenye foku na kwenye vibomba vya nyuma, na pale ambapo tairi limepita kwa kubanwa, tope hujaa hadi gurudumu ligome kuzunguka. Hapo mwenye baiskeli ya bei kubwa na mwenye ya bei ndogo wote huinama na kijiti mkononi, wakikwangua. Fremu iliyoacha pengo pana haizuii tope kushika, lakini hulipa njia ya kutokea. Kwa hiyo mtu akiniambia fremu yake inaingia tairi la inchi 2.4, swali langu linalofuata ni inabakiza kiasi gani kila upande. Chini ya milimita 6 sikubali, na kwa safari ya masika ningetaka mara mbili yake.

Msomaji wa Tabora au Kisumu atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: Phoenix ya Uchina, Avon na Hero za India, Raleigh ya Waingereza kabla ya hizo, hata Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam, zote zimebeba mkaa, ndizi, maziwa na wagonjwa kwenye njia hizohizo kwa tairi la inchi moja na nusu. Hiyo inchi 2.4 ina kazi gani? Ni kweli, na sitaki kuidharau baiskeli iliyojenga uchumi wa vijiji vingi. Lakini itazameni vizuri. Gurudumu lake ni la inchi 28, kubwa kuliko yote yanayouzwa kwenye maduka yetu, na ukubwa huo hulisaidia kuvuka shimo. Foku yake imelala mbele, mwili wake ni mrefu, na breki zake za vyuma huvuta mpira kwenda juu, upande wa ndani wa rimu, kwa hiyo hakuna kitu kinachobana tairi kwa juu. Chini ya madigadi yake kuna nafasi ambayo baiskeli nyingi za kisasa hazina. Waliochora baiskeli zile walizichora kwa barabara mbovu za vijijini, wakafikia uamuzi uleule waliofikia watu wa Marin: chuma, urefu, na pengo kubwa kuzunguka tairi. Na penye mchanga mzito, mwenye Phoenix na gunia lake hushuka akasukuma. Anaijua njia, anajua mchanga unaishia wapi, na mwendo wake ni wa kijiji hadi soko. Anayevuka mikoa mitatu hawezi kutegemea kusukuma.

Tatizo la anayetafuta fremu ya mtumba ni kwamba si kila baiskeli ya milimani ya chuma ilibaki mwaminifu kwa asili yake. Za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni ndefu nyuma, mara nyingi karibu sentimita 45 kutoka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu, na urefu huo ndio unaotoa nafasi ya tairi na pia nafasi ya kisigino mbele ya mizigo. Baada ya katikati ya muongo ule ikaja mitindo. Kuna fremu nyingi za kati ya 1986 na 1989 hivi zilizofungwa breki ya nyuma chini, karibu na pedeli, mahali ambapo tope lote la gurudumu hudondokea. Breki hiyo humaliza mpira mapema, hukaba tairi, na sehemu zake za kufungia zimechomelewa pasipofaa breki nyingine. Mimi ningeipita fremu ya namna hiyo hata ikiwa nzuri kwa mengine yote. Kisha foku za springi zikaenea kuanzia mwaka 1990 hivi, na mashindano yakatawala uchoraji. Wabunifu wakaona springi itafanya kazi ya tairi, wakafupisha nyuma ili baiskeli ipande mlima kwa wepesi, na fremu nyingi za miaka ile zikaishia kwenye inchi 2.1 au juu yake kidogo. Kwa njia kavu za milimani zinatosha. Kwa mchanga hapana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachache walirudi nyuma kwa makusudi: Surly ya Minnesota ilitoa 1x1, fremu ya chuma ya inchi 26 yenye nafasi kubwa, ikafuatiwa na Karate Monkey ya magurudumu ya inchi 29 na, mwaka 2005, Pugsley iliyopokea matairi ya karibu inchi nne. Fremu hizo sasa zimekuwa mtumba, na mtu akikutana na 1x1 iliyonyooka kwa bei ya haki asisite.

Kupima ni kazi ya rula na dakika chache, wala hakuhitaji tairi lenyewe kuwepo. Rimu ya inchi 26 ya baiskeli za milimani ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Kwa hiyo tairi la inchi 2.4 hufikia upana wake mkubwa kabisa takriban milimita 310 kutoka katikati ya ekseli, na kilele chake hufika karibu milimita 340. Weka rula kwenye makucha yanayoshika ekseli ya nyuma, pima 310 kwenye vibomba vya chini, kisha kwenye vile vya juu, na soma upana wa ndani: 61 za tairi na 6 kila upande ni 73. Kiungo cha mkingamo, kile kinachounganisha vibomba viwili, kiwe mbali zaidi ya milimita 350. Rudia kwenye foku, na uangalie hasa paji lake la juu, maana foku nyingi huwa pana kwenye miguu na kubana kichwani. Namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi isiaminiwe peke yake, kwa kuwa rimu nyembamba za zamani hulifanya tairi liwe jembamba kuliko linavyodai na rimu pana huliongeza. Angalia pia mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma: tairi linaweza kupita salama kwenye fremu na bado likakwaruza mnyororo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni hiyo namba 26 yenyewe. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia kutoka Japani, zile za mjini zenye kikapu, nazo huandikwa 26, lakini tairi lake ni la inchi 26 kwa 1 3/8, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 590. Haiingiliani kabisa na ile ya 559. Mtu hununua fremu akidhani amepata ya milimani, kumbe breki zake zimepangwa kwa rimu nyingine. Breki za kubana rimu za baiskeli za milimani hukaa kwenye vijiti vilivyochomelewa kwenye fremu, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoamua ukubwa wa gurudumu. Wapo wanaosema fremu ya inchi 26 inaweza kuvishwa magurudumu ya inchi 27.5, yenye rimu ya milimita 584. Tofauti ni milimita 12.5 tu kutoka katikati, lakini kwa breki za rimu hizo 12.5 ni nyingi mno, na nafasi ya tairi iliyokuwepo huliwa kimo na gurudumu kubwa. Ujanja huo ni wa mwenye breki za diski.

Alama za ubora wa chuma zipo kwa anayetaka kuzisoma. Maandishi ya Tange, Ritchey Logic, True Temper, Columbus au Reynolds yana maana, ingawa stika huweza kubandikwa na yeyote. Kipimo kisichodanganya kiurahisi ni nguzo ya siti: yenye unene wa milimita 27.2 au karibu na hapo mara nyingi huashiria bomba jembamba la kromoli, na ya milimita 25.4 huashiria chuma kizito cha bei rahisi, kile kinachotumika kwenye baiskeli mpya nyingi za gia zinazouzwa madukani. Nyuma ya shingo, upande wa chini wa mabomba mawili makuu, pitisha kidole: rangi iliyojikunja au kivimbe kidogo ni dalili ya kugongwa kwa mbele. Zungusha uzi kutoka kucha moja ya nyuma hadi shingoni na kurudi kucha ya pili, kisha upime umbali wake kutoka bomba la siti pande zote mbili. Ikitofautiana sana, fremu imepinda. Na nguzo ya siti itoke. Iliyoganda ndani kwa kutu inaweza kugharimu kuliko fremu nzima.

Kuna wanaopinga chuma chenyewe, na baadhi ya wanayosema ni ya kweli. Chuma ni kizito kuliko aluminiamu. Fremu ya kromoli ya kawaida ina kilo mbili hadi mbili na nusu. Ya aluminiamu inaweza kupungua kwa nusu kilo au zaidi. Lakini msafiri anabeba lita sita za maji kuvuka nyika, na nusu kilo ni chupa moja ndogo. Chuma hushika kutu, na kwa mkazi wa Tanga, Unguja au Lamu hilo si la kupuuzwa, kwa sababu kutu ya hatari huanzia ndani ya mabomba ambako jicho halifiki. Dawa yake ni mafuta yanayomiminwa ndani kabla ya kufunga sehemu nyingine, na tundu la kutolea maji chini ya ekseli ya pedeli. Wala sidai kwamba chuma pekee ndicho kinachofaa: hukohuko Marin, Charlie Cunningham alitengeneza fremu za aluminiamu zilizoheshimiwa tangu mwisho wa miaka ya 1970. Ninachodai ni kwamba fremu ya mtumba imeshatumika kwa miaka ambayo mnunuzi haijui, na aluminiamu huchoka kwa kila mtikisiko, hata mdogo, mpaka siku inapopasuka. Chuma kikitumika chini ya kiwango chake hakihesabu mitikisiko hiyo, na kikianza kushindwa mara nyingi hutoa ufa wa kuonekana kabla ya kukatika.

Dai la kwamba chuma huchomelewa popote nalipokea nusu. Heinz Stücke wa Ujerumani, aliyeondoka kwao mwaka 1962 na kuizunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 600,000, fremu yake ilivunjika na kuchomelewa zaidi ya mara moja. Lakini ile ilikuwa fremu ya mabomba manene. Kromoli nyembamba ina ukuta usiofika milimita moja, na fundi aliyezoea madirisha na mageti akiishambulia kwa umeme na vijiti vyake vya kawaida ataitoboa. Mtafuteni fundi wa gesi anayeunga kwa shaba. Wapo kwenye miji mingi kwa kuwa mabomba ya majokofu na rejeta za magari zinawahitaji. Huo ni uwezekano ambao fremu ya kaboni haimpi msafiri aliyeko Sumbawanga au Lodwar.

Linabaki suala la vipuri, kwamba inchi 26 imepitwa na wakati. Ulaya na Marekani kampuni kubwa ziliiacha katika miaka ya 2010 kwa ajili ya 27.5 na 29. Huku kwetu tairi la 559 lipo karibu kila mji wenye duka la baiskeli, pamoja na mpira wake wa ndani. Upungufu uliopo ni wa upana: madukani hupatikana 1.95 hadi 2.125, na la inchi 2.4 lenye ubora huagizwa, kampuni kama Schwalbe zikiendelea kuyatengeneza. Msafiri atembee na moja la kukunja kwenye mkoba, akijua kwamba likimwishia bado atapata la kumfikisha nyumbani. Na kuachwa huko kwa inchi 26 ndiko kulikoshusha bei za fremu nzuri. Zipo kwenye magereji ya London, Hamburg na Toronto, ambako Waswahili wengi wana ndugu. Fremu na foku yake, bila magurudumu, huingia kwenye boksi jembamba na haifikii kilo tano. Majina machache tu ndiyo yaliyopanda bei, kama Bridgestone MB-1 aliyoisimamia Grant Petersen hadi kampuni ilipofunga biashara yake ya baiskeli Marekani mwaka 1994. Ni fremu bora, lakini sehemu ya bei yake ni mapenzi ya wakusanyaji, na mchanga wa pwani ya Saadani hausomi stika.

Kwa njia ya Kongo-Nile nchini Rwanda, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, fremu ya inchi 2.2 itatosha kiangazi. Kwa pwani na mbuga nashauri 2.4 na zaidi. Muuzaji akikusifia gia, breki na rangi, msikilize hadi amalize, kisha weka rula milimita 310 kutoka ekseli ya nyuma. Ikisoma 73, mpe bei yake. Ikisoma chini ya 65, fremu hiyo ni ya lami. Mwachie na uende duka linalofuata.